Uliumwa, Umepona, Unataka Kazi: Namna ya Kulijibu Jopo la Usaili

Swali huja kwa sauti ya kawaida kabisa: “Naona uliacha kazi Machi 2023, halafu hadi Juni 2024 hakuna kitu. Hapa katikati ulikuwa wapi?” Wewe unajua ulikuwa wapi. Ulikuwa wodini, au kitandani nyumbani kwa dada yako, au kwenye foleni ya kliniki kila wiki. Unachojiuliza ni kiasi gani cha hayo uwaambie watu watatu usiowajua, ambao ndani ya nusu saa wataamua kama utapata mshahara au la.

Wengi hujibu kwa namna mbili, na zote huwagharimu. Wapo wanaomwaga yote: homa ilivyoanza, dawa za kwanza zilivyogoma, shemeji aliyeuza ng'ombe kulipia vipimo, hadi usaili unakwisha jopo likiwa linayajua matumbo yao kuliko kazi yao. Wapo wanaotunga: “Nilikuwa na biashara zangu.” Hao huulizwa biashara gani, leseni ilitolewa wapi, mauzo yalikuwa kiasi gani, na jasho linaanza kuwatoka.

Mwongozo huu unakuonyesha njia ya tatu. Sema kweli, sema kwa ufupi, kisha rudisha mazungumzo kwenye kazi. Maradhi ni siri yako na daktari wako. Uwezo wako wa kufanya kazi ndio unaolihusu jopo, na huo uzungumzie bila kuona haya.

Wanachotaka kujua hasa

Mwajiri akiona miezi kumi na minne isiyo na maelezo, ugonjwa si jambo la kwanza kumjia akilini. Hufikiria labda ulifukuzwa kwa wizi, ulikuwa na kesi, pombe ilikuzidi, au ulipata kazi nyingine mkashindwana na sasa unaificha. Kwa hiyo ukisema kwa utulivu kwamba ulikuwa kwenye matibabu, mara nyingi unampunguzia wasiwasi mkubwa zaidi ya huo unaomwongezea.

Ndani ya swali lake moja kuna maswali matatu. Kuna jambo baya unalificha? Ukiajiriwa utakuwepo kazini na utadumu? Ujuzi wako bado uko sawa au umepata kutu? Yapitie tena uone: hakuna hata moja linalohitaji jina la ugonjwa ili lijibiwe.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Waliyemkusudia ni mgonjwa anayemficha tabibu. Jopo la usaili halitakuandikia dawa.

Panga karatasi zako kwanza

Anza na tarehe. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma; Kenya nayo inataka hivyo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Cheti hicho kina siku ulipoanza na siku ulipoishia. Ukivuta tarehe ya mwisho kutoka Machi hadi Desemba ili pengo lionekane dogo, simu moja kwa mwajiri wako wa zamani itakuumbua. Kwenye ajira za serikali hatari ni kubwa zaidi, maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huonya wazi kwamba taarifa za kughushi zitachukuliwa hatua za kisheria. Pengo la ugonjwa husameheka. Tarehe ya uongo humfanya mwajiri atilie shaka hata vyeti vyako vya kweli.

Kwenye wasifu wenyewe, pengo la miezi miwili au mitatu halihitaji maelezo. Likizidi nusu mwaka, liwekee mstari mmoja kama ilivyo kwa kazi nyingine:

*Aprili 2023 – Mei 2024: Mapumziko ya matibabu. Nimepona na niko tayari kwa kazi ya muda wote.*

Hapo pametosha. Usitaje ugonjwa, usitaje hospitali, wala usiirudie habari hiyo kwenye barua ya maombi. Barua ni mahali pa kueleza kwa nini unaifaa kazi.

Kama katika miezi ya mwisho ya kupona ulifanya jambo, liandike kwa ukubwa wake. Kuwa mweka hazina wa kikoba, kufundisha watoto wa jirani hesabu, kusimamia duka la mjomba, kozi fupi ya VETA: vyote hivyo vina thamani. Ila genge la nyanya usiliite kampuni na wewe mkurugenzi wake. Na kama ulikuwa taabani huna cha kuandika, usijilaumu. Mtu anayepigania uhai wake hakutakiwa kutafuta cheti kingine.

Kinachoweza kukuangusha kuliko ugonjwa ni leseni iliyokwisha muda. Muuguzi, mfamasia, mhandisi, mhasibu, dereva: kabla hujatuma maombi, hakikisha usajili au leseni yako ingali hai kwenye bodi au mamlaka inayokuhusu. Jopo likikuta umeihuisha wakati bado unajiuguza, umeshajibu nusu ya swali la ujuzi.

Kisha wapigie simu wadhamini wako. Huku kwetu hatari ya mdhamini ni huruma yake. Anaulizwa kuhusu utendaji wako naye anajibu, “Maskini yule dada, aliumwa mno, sisi tulishakata tamaa.” Amekusudia mema, lakini amekuharibia. Mwambie mapema: “Bosi, nimekuweka kuwa mdhamini. Wakiuliza kwa nini niliondoka, naomba useme tu ni sababu za kiafya na kwamba nimesharudi vizuri. Mengine uwaeleze kuhusu kazi yangu.” Watu wazima wengi hulielewa ombi hilo na kuliheshimu.

Mwisho, muombe daktari barua fupi inayosema unafaa kurudi kazini, bila kutaja ulichougua. Iweke kwenye mkoba. Usiitoe mpaka uulizwe.

Jibu la nusu dakika

Jibu zuri lina hatua nne: taja sababu kwa jina la jumla, ifunge, eleza ulivyojiandaa kurudi, kisha iingie kazi inayotangazwa. Tuseme wewe ni mhasibu uliyefanyiwa upasuaji mkubwa:

“Ni kweli. Mwaka 2023 nilipata tatizo la kiafya lililohitaji upasuaji na muda wa kupona. Matibabu yamekamilika na daktari ameniruhusu kufanya kazi bila masharti. Katika miezi ya mwisho ya kupona nilikuwa nasimamia hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa hiyo mkono haujalala. Nimeona kwenye tangazo kwamba mnahitaji mtu wa kufunga hesabu za matawi kila mwezi. Kazi hiyo niliifanya kwa miaka minne, na ningependa kuwaeleza nilivyokuwa naipanga.”

Angalia sentensi ya mwisho. Imelipa jopo kitu kingine cha kuuliza. Ukiishia kwenye “nimepona”, kimya kitakachofuata kitajazwa na swali jingine la ugonjwa. Ukiishia kwenye hesabu za matawi, mjumbe wa fedha atakuuliza kuhusu hesabu za matawi.

Kama hali yako ni ya kudumu, mfano kisukari, selimundu, shinikizo la damu au VVU, usiseme “nimepona kabisa.” Si kweli, na huko mbele itakubana. Sema: “Nilikuwa na hali ya kiafya iliyochukua muda kugundulika na kupatiwa tiba inayofaa. Sasa imedhibitiwa, na kwa mwaka huu wote haijanizuia kufanya shughuli zangu.” Halafu endelea na hatua ya tatu na ya nne.

Kama ilikuwa sonona au tatizo jingine la akili, maneno hayohayo yanatosha. Sonona ni ugonjwa, una matibabu, na ukiuita “tatizo la kiafya” hujadanganya. Kitu cha kuepuka ni kusema “presha ya kazi kule ilinizidi.” Jopo litasikia kwamba presha ya hapa nayo itakuzidi.

Je, kuna ugonjwa unaofaa kutajwa kwa jina? Upo. Kanuni ni hii: taja jina likiufunga mjadala, liache likiufungua. “Nilivunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda, mfupa umeunga, natembea na kupanda ngazi bila tatizo” ni jibu linalofunga. Kila mtu anaujua mguu uliovunjika na anajua huwa unapona. Saratani, kifafa, kifua kikuu, ugonjwa wa akili: majina haya hufungua mjadala, kwa sababu kila mjumbe ana hadithi ya ndugu yake aliyeugua hivyo, na ghafla unahukumiwa kwa yaliyompata mtu mwingine.

Hospitali nazo zinasema

Watu wengi huwa makini na jina la ugonjwa, kisha wakataja hospitali bila kufikiri. Ukiwaambia watu wa Dar es Salaam “nilikuwa natibiwa Ocean Road”, umeshasema saratani. Ukitaja Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi, umeshasema ugonjwa wa akili. Kibong'oto kule Kilimanjaro inajulikana kwa kifua kikuu, na Taasisi ya Jakaya Kikwete kwa moyo. MOI ya Muhimbili ina nafuu, kwa kuwa mtu hufikiria mifupa. Sema “hospitali” na uishie hapo. Hata barua ya daktari uliyoiweka mkobani ina kichwa chenye jina la taasisi, kwa hiyo ukiweza ipate kwenye hospitali ya kawaida unayofuatiliwa sasa, si kule ulikolazwa.

Vivyo hivyo na mitandao. Kama wakati wa ugonjwa ndugu walikuchangishia fedha Facebook au WhatsApp na picha yako ukiwa na mipira puani, waombe waziondoe zile zinazoweza kuondolewa. Anayekuajiri huenda akakutafuta kwa jina.

Pole na maswali ya kuchokonoa

Ukishasema ulikuwa mgonjwa, mtu atakupa pole. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana pole ya dhati hulegeza ulimi. Pokea tu: “Asante sana, nimeshapoa.” Kama ni desturi yako kumshukuru Mungu, mshukuru kwa neno moja, lakini ushuhuda wote uache kwa ajili ya kanisani au msikitini. Vivyo hivyo habari za waganga mliowazungukia na jirani mnayemshuku zibaki nyumbani.

Yapo majopo yasiyoishia kwenye pole. Haya ndiyo maswali unayoweza kukutana nayo na namna ya kuyapokea.

*“Uliumwa nini hasa?”* Jibu bila kununa: “Ni suala la matibabu ambalo nimelikamilisha na daktari wangu, mheshimiwa. Ninachoweza kulihakikishia jopo ni kwamba nina uwezo wa kufanya kazi zote zilizoorodheshwa kwenye tangazo, zikiwemo safari za mikoani.”

*“Mwanangu, niambie tu mimi kama mama yako.”* Swali hili ni gumu kwa sababu limevaa upendo, na anayeuliza huenda anakupenda kweli. Heshima ijibu heshima: “Asante mama kwa kunijali. Nimeshapona, na nikipata nafasi hii mtaniona kazini kila siku.” Hujamvunjia mtu mzima heshima na hujasema zaidi ya ulilokusudia.

*“Una uhakika hutaumwa tena?”* Usiape. “Hilo hakuna anayeweza kuliahidi, hata aliye mzima leo. Ninachojua ni kwamba tangu nirudi kwenye shughuli sijalazimika kuzisimamisha kwa sababu ya afya.” Sema hivyo kama ndivyo ilivyo. Kama sivyo, ishia kwenye “hali yangu imedhibitiwa.”

*“Kwa nini hukurudi kwa mwajiri wako wa zamani?”* Hapa kuna maelezo ya kisheria ambayo wajumbe wengi wanayajua wakikumbushwa. Nchini Tanzania likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, kiwango cha chini ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Anayeugua mwaka mzima anaweza kuzimaliza siku hizo zote bila kosa lolote. Jibu: “Matibabu yalizidi muda wa likizo ya ugonjwa, nafasi yangu ikabidi ijazwe. Tuliachana vizuri.” Hata kama hamkuachana vizuri, usaili si mahali pa kumsema. Sema basi: “Nafasi yangu ilijazwa nikiwa kwenye matibabu.”

*“Unatumia dawa gani?”* au *“Umewahi kupima?”* Hapo rejea utaratibu: “Kama kuna upimaji wa afya kabla ya kuanza kazi, niko tayari kupimwa kama waajiriwa wengine.” Jibu hili lina nguvu kwa sababu linaonyesha huna hofu, na linaliondoa swali mikononi mwa jopo na kulipeleka kwa daktari. Upimaji wa aina hiyo upo. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, OSHA ya Tanzania husimamia upimaji wa afya za wafanyakazi kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Kazi ya mpimaji ni kumwambia mwajiri kama unaifaa kazi ile, si kumsimulia faili lako.

Pale ambapo kunyamaza si haki

Yote niliyoyasema hayakupi ruhusa ya kuficha jambo linaloweza kumuumiza mtu. Kifafa kisichodhibitiwa na usukani wa basi la abiria haviendi pamoja. Vivyo hivyo kwa mwendesha kreni, fundi anayepanda nguzo za umeme, na mlinzi mwenye bunduki. Kazi hizi zina masharti ya afya yanayotokana na kazi yenyewe, na sheria inamruhusu mwajiri kuyazingatia. Kama huyatimizi kwa sasa, tafuta nafasi nyingine katika fani hiyohiyo. Dereva anaweza kuwa msimamizi wa magari, na fundi anaweza kukaa stoo ya vifaa au kufundisha.

Anayeomba kazi ya kupika au kuhudumu chakula atarajie kupimwa, na asikwepe. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu asubiri daktari aseme haambukizi tena. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita, lakini wengi huacha kuambukiza mapema zaidi ya hapo dawa zikifanya kazi. Kwa hiyo huhitaji kungoja dozi yote iishe ndipo utafute kazi. Unahitaji kauli ya daktari.

Jambo la tatu ni mahitaji yako kazini. Anayesafisha damu kwa mashine kwa kawaida huhitaji hospitali mara mbili au tatu kwa wiki. Hilo halifichiki, wala halifai kufichwa. Lakini wakati wa kulisema ni baada ya kupewa nafasi na kabla ya kusaini mkataba, kwa ofisa rasilimali watu, si mbele ya jopo zima. Lipeleke likiwa na suluhisho: “Nina miadi ya hospitali Jumanne na Ijumaa mchana. Naomba siku hizo niingie saa moja asubuhi, na Jumamosi nifidie.” Mahitaji madogo yaache kabisa. Wengi wanaotumia dawa za VVU na hali zao zikiwa imara huchukua dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Siku mbili au nne za kliniki kwa mwaka hazihitaji kikao. Ruhusa ya kawaida inazitosha.

Na ukipewa fomu ya afya ya kujaza kwa ajili ya daktari mpimaji, ijaze kwa ukweli. Kulinyima jopo maelezo ni haki yako. Kumdanganya daktari kwa maandishi kunaweza kuivunja ajira yako hata baada ya miaka kadhaa.

Sheria inakulinda wapi

Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwemo ulemavu, ujauzito na VVU na Ukimwi, na ulinzi huo unamfikia hata mwombaji kazi. Sheria ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na kulinda siri ya majibu ya vipimo. Kama ugonjwa umekuachia ulemavu, ijue Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa walau asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Basi usione aibu kujaza sehemu hiyo kwenye maombi. Huenda ikakufungulia mlango. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti.

Kenya imekwenda mbali kidogo. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inaitaja hali ya afya miongoni mwa misingi ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda hata anayetafuta kazi, na inataja ulemavu, ujauzito, hali ya akili na VVU. Sheria ya VVU ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Lakini usiingie usaili ukiwa na vifungu mdomoni. Anayelisomea jopo sheria hushinda hoja na kupoteza kazi. Sheria ni ya baadaye. Kama waliuliza jambo lisilofaa, ukishatoka andika siku, saa, maneno yaliyosemwa na nani aliyasema. Ukiamini ulinyimwa kazi kwa sababu inayokatazwa, Tanzania unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hutakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 60. Kenya, suala la VVU lina baraza lake maalumu, na mengine huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kama aliyeumwa si wewe

Mapengo mengi ya huku kwetu si ya mgonjwa, ni ya mwuguzaji. Mama alipooza, mtoto akazaliwa na tatizo la moyo, baba akawa anapelekwa kliniki kutoka kijijini, na wewe uliyekuwa mjini ndiye uliyeonekana una nafasi. Sema hivyo: “Nilisimama kazi kumuuguza mzazi. Jukumu hilo limekwisha.” Kama mgonjwa alifariki, si lazima useme. “Limekwisha” inatosha.

Kama bado anaugua, jopo litataka kujua nani yuko naye sasa, hata lisipouliza. Lijibu kabla halijauliza: “Sasa yuko na mdogo wangu na kuna msaidizi wa nyumbani, kwa hiyo niko huru kwa saa zote za kazi.” Ila usitumie kumuuguza mama kama kificho cha ugonjwa wako. Wengi hufanya hivyo wakidhani ni uongo mdogo. Mwajiri akiuliza mwaka ujao “mama anaendeleaje?” utalazimika kuendelea kumwuguza kwa maneno, na siku mama mwenyewe akija ofisini ana afya tele, hutajua pa kuuficha uso.

Jioni ya kuamkia usaili

Liandike jibu lako kwenye karatasi, kisha lipunguze. Likizidi sentensi sita, toa moja. Lisome kwa sauti hadi uweze kulisema bila karatasi na bila kuinamisha macho, kwa kasi ileile unayotumia kusema ulisoma chuo gani.

Kisha mtafute mtu asiyeijua habari yako: jirani mpya, rafiki wa rafiki, fundi wako wa nguo. Mwambie akuulize ulikuwa wapi, nawe umjibu kama utakavyolijibu jopo. Sikiliza swali lake linalofuata. Akiuliza “uliumwa nini?” umeishia pabaya, rudi ukaipange upya sentensi ya mwisho. Akiuliza “hizo hesabu za matawi ulikuwa unazifungaje?” kalale. Uko tayari.